Mstari wa 412 wa Faili la Pampu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maji, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na kimefutwa vumbi. Mheshimiwa Makamu wake, aliye njiani tangu saa mbili. Ndugu wakuu wa vitengo, wasaidizi wao, na wanaokaimu nafasi za wasaidizi wao. Mzee wetu wa stoo, fundi wetu wa kompyuta, mafundi bomba, wasoma mita, mlinzi wa geti. Mama mkwe wangu, uliyekaa safu ya mbele na ndoo yako mapajani, shikamoo mama. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau ajue nimemsahau kwa heshima. (Makofi.)

Mimi Kaimu Mkurugenzi wenu, mtu niliyeagana na shule mapema lakini nikahudhuria semina katika miji kumi na mmoja, nasimama katika ukumbi huu, ambao hadi juzi ulikuwa stoo ya mabomba na bado unanuka mpira, kuzindua Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Kumbukumbu za Pampu, mfumo ambao kwa makadirio yangu mwenyewe, na mimi si mtu wa kukadiria kidogo, utaongeza ufanisi wa idara kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi. Mzee wa stoo anauliza hiyo nne ya juu inatoka wapi.) Hiyo nne, mzee wangu, ni ya akiba.

Najua wapo wanaojiuliza kumbukumbu ya pampu ni mdudu gani. Nitaeleza taratibu, maana elimu ni kama supu, ukiimeza haraka unaungua. Pampu inaongozwa na programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya skripti, yaani amri zinazosomwa mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua ya mchumba na hataki kuruka neno. Sasa kila programu inapofanya jambo, inaandika ndani ya faili: tarehe, saa, pampu imewaka. Ikizimika, inaandika imezimika. Na si kuandika tu ovyo. Kila ujumbe una daraja lake. Kuna taarifa, kuna onyo, kuna kosa. Tena faili linafunguliwa kwa kuongeza mwishoni, ya leo yanakaa chini ya ya jana. Ukikosea ukalifungua kwa kuandika upya, ya jana yote yanafutika, na faili linabaki kama bwana aliyehamia mji mwingine akadai hajawahi kuoa. (Kicheko. Mama mkwe hacheki.) Nilitoa mfano tu, mama.

Kamati yangu ya wataalamu saba ilikaa siku tatu mfululizo kuboresha jambo hili, na nisiposema mimi nani atasema, tumewapita hata waliolibuni. Kwanza, tuliona ujumbe wa mashine hauna adabu. Unaanza moja kwa moja, pampu imezimika, kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila hodi. Nikaagiza kila ujumbe utanguliwe na salamu kwa Mwenyekiti, Makamu na Kaimu Mkurugenzi. Fundi wetu wa kompyuta, dada msikivu lakini mbishi, akaniambia, "Mkubwa, mashine ikizimika ghafla haina muda wa kuamkia." Nikamwambia basi iamkie kabla ya kuzimika. (Makofi ya wakuu wa vitengo.) Pili, tukagundua kwamba neno kosa linaweza kuvunja heshima ya ofisi, hivyo litatumika kwa watumishi wa ngazi ya chini pekee, na kwa yeyote mwenye zulia ofisini programu itaandika changamoto. (Makofi ya wakuu wa vitengo peke yao.)

Na msidhani haya ni maneno matupu. Mfumo huu umeshaanza kuzaa matunda. Mtakumbuka wiki mbili zilizopita kilima chote kilikosa maji kwa siku tatu, mama mkwe wangu mwenyewe akafua kwa maji ya mtaro. Zamani tungetafuta mchawi. Safari hii nilimwandikia mhudumu wetu wa pampu, mama aliyefanya kazi hapa miaka kumi na tisa, barua ya kumsimamisha, kwamba kwa mujibu wa mstari wa 412 wa faili la kumbukumbu, alizima pampu Jumanne saa nne asubuhi akaenda zake. Leo saa nane barua hiyo inakwenda Bodi kuthibitishwa, naye atakuwa ameachishwa kazi kisayansi. Tangu siku hiyo pampu inawashwa na mlinzi wa geti, mtu mwaminifu sana ila anaiogopa, na leo bado hajaisogelea. (Mama wa pampu anasimama nyuma, mkoba begani. Anasema, "Mkubwa, mimi sina maneno mengi. Nisomewe huo mstari.")

Utasomewa, mama. Haki yako. Nimebakiza takwimu kidogo. Katika robo ya kwanza pekee, mfumo umeandika mistari milioni nne, laki sita na ushee, na huo ushee nimeuhakiki mwenyewe, na faili lilipozidi kunenepa tuliliweka kando kwa jina la tarehe yake tukaanza jipya, kama inavyofanyika katika nchi zilizo— (Mama wa pampu hajaketi. "Takwimu nitazisikia nikiwa nimekaa. Mstari nausikia nikiwa nimesimama." Minong'ono. Mama mkwe anageuka kumtazama, kisha anamgeukia msemaji: "Baba, msomee mwenzio. Huo mstari mmoja utakupunguzia nini?")

Mama mkwe akishasema, mkwe hana rufaa. Fundi, fungua faili. ("Faili lipi, mkubwa?") La kumbukumbu, fundi, tusiaibishane mbele ya watu. ("Mkubwa, mimi nilikuletea karatasi moja ya mfano, nikaomba kompyuta. Ukaniambia nisubiri uzinduzi.")

Ndugu wafanyakazi, fundi ametumia lugha ya kitaalamu. Kwa lugha ya kawaida, mfumo uko katika hatua ya awali inayotangulia hatua ya awali. (Kicheko kinachoanzia kwa wasoma mita na kufika hadi mlangoni. Mama wa pampu anauliza, "Na mia nne na kumi na mbili umeitoa wapi?")

Mama, naweza kukujibu kiofisi, au nikakujibu. (Mzee wa stoo: "Mjibu.") Barua ilihitaji namba. Barua bila namba inaonekana kama salamu za harusi. Nikaweka namba ya chumba nilicholala semina ya mwisho. Chumba kizuri, kina dirisha. (Hakuna anayecheka. Mama wa pampu anasema, "Mlikuja kukaa kikao nyumba ya pampu kwa sababu kuna ubaridi. Mkachomoa plagi ya kisanduku cha kuongozea, mkachomeka birika lenu la chai. Nilikuja kuwaambia. Wewe mwenyewe ukaniambia, mama, usikatize wataalamu." )

Nilisema hivyo. Nakumbuka na kidole nilichonyoosha. Siku tatu za kamati, siku tatu za kiu. Hesabu hiyo hata mimi wa semina naiweza. Jamani, mimi ni mtu wa majivuno, mke wangu ni shahidi na mama yake huyu hapa, lakini sijafikia kumnyang'anya mama wa watu riziki kwa ajili ya birika. Barua hii sasa hivi haiendi Bodi wala kokote. (Anaichana vipande vinne, anavitia mfukoni mwa koti.) Jioni utapata nyingine, fupi, ya kuomba radhi, na jina langu litakuwa juu, mahali penye kosa. Mlinzi, mpe mama ufunguo wa nyumba ya pampu. (Mlinzi ameshautoa kabla sentensi haijaisha.)

Sasa tumalizie na kaulimbiu, maana zimeshachapishwa kwenye fulana. Nikisema faili, mseme linakumbuka. Faili. ("Liko wapi.") Kidijitali. ("Chomeka plagi.") Sawa, nadhani ujumbe umefika.

Shukrani zangu za dhati ziende kwa kamati, ambayo ilikuwepo. Kwa kompyuta, seva na faili, ambavyo havijawahi kuwepo. Kwa hesabu ya mistari milioni nne, niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi nikisubiri chai. Na kwenu nyote mliokuja kuzindua ukumbi wa stoo. Na shukrani za mwisho nazitoa kwa mama yetu wa pampu, ambaye naomba asimame tumwone. Mama? (Kiti chake kitupu. Ng'ambo ya uwanja pampu inakohoa mara mbili, inakamata, inaunguruma. Mama mkwe anainuka na ndoo, na safu zote zinamfuata.) Asanteni kwa kunisikiliza. Mzee wa stoo, na wewe unakwenda?