Kamba Zipo Uani

Jamani, leo bahari imenivua nguo. Mchana kweupe, mbele ya Wazungu, na mama Mumo akisikia yote kutoka dirishani. Nawaandikia kwa kompyuta ya hapa mapokezi nikiwa nimejifunga shuka ya kukopa. Nawaandikia nyote wa Machakos mara moja, mpate habari kwangu kabla hamjazipata kwa mke wangu.

Mnajua nilimwahidi mama Mumo tangu tuoane kwamba iko siku nitampeleka ng'ambo. Basi nimemleta Unguja. (Msianze. Ng'ambo ni kuvuka bahari. Bahari tumevuka na pasipoti zimegongwa mhuri.) Hoteli ni ya bei ya chini, lakini iko ufuoni kabisa, ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga. Yeye alikuwa na ombi moja tu: jioni moja tukae mezani mbele ya bahari, kama watu, akiwa amevaa gauni lake la bluu. Hilo gauni alilishonesha kwa ajili ya safari hii. Hata kwa harusi ya dada yake alikataa kulivaa, akasema lake ni la ng'ambo.

Jioni yenyewe ni leo.

Sasa, shida ilianzia kwa maembe. Nilibeba maembe ya Matuu ndani ya begi la nguo, yale yameiva sawasawa, maanake nani atanunua matunda hotelini? (Mkono birika ni mimi, najua.) Kwenye boti watu wakarundika mizigo yao juu ya begi letu. Tulifika jana giza limeshaingia, tukalala na nguo za safari. Leo asubuhi kufungua begi, ni juisi. Kila kitu. Gauni la bluu lilikuwa limekumbatia kokwa la embe.

Mama Mumo aliketi kitandani na nguo zake za safari, akawa analiangalia tu. Wale mnaomjua mnajua akipiga kelele umepona, akinyamaza umekwisha. Nikamwambia atulie, nitafua zote kwa mikono yangu na jioni atalivaa. Nikafua kwa bidii sijawahi kufua. Hata kaptula niliyokuwa nimelala nayo nikaitia kwa ndoo, nikabaki na taulo ya hoteli kiunoni.

Nikaenda mapokezi kuuliza naanika wapi. Mwenye zamu ni Bi Salma, mama wa makamo mwenye Kiswahili laini mpaka unaogopa kumjibu. Akaniambia, "Kamba zipo uani."

Niliposikia kamba nikashtuka, nikadhani anatusema sisi, kwa sababu jana tulijitambulisha kwake kwamba sisi ni Wakamba. Halafu nikaelewa ni kamba za kuanikia. Lakini hiyo ingine, uani, mimi sijui. Sisi tunasema nyuma ya nyumba. Mimi nilisikia pwani. Nikashukuru, nikabeba ndoo yangu, nikaenda pwani.

Na kamba kweli nikazikuta! Mchanga mtupu mpaka mbali kule, bahari yenyewe ni kamstari keupe tu, na hapo katikati kuna vijiti safu kwa safu na kamba zimefungwa kutoka kijiti hadi kijiti. Nikasema hawa watu wamejipanga. Kamba zilikuwa na majanimajani yamefungwa hapa na pale, nikaona ni takataka za bahari, nikayatoa safu nzima nguo zisichafuke. Kisha nikaanika. Upepo ulikuwa mkali, kwa hivyo nikafunga kila nguo fundo, vile tunafunga mzigo wa punda.

Mtaniuliza kama sikufikiria maji. Nilifikiria. Sisi tumekulia kwa mito ya mchanga, mikavu hadi mvua inyeshe. Unafua, unaanika hapo hapo, unalala hata, na maji hayawezi kukujia bila wingu kuonekana kwanza. Nikaangalia juu. Hakuna wingu. Nikarudi chumbani, nikampelekea mama Mumo chai na chapati, nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Niliamka saa ya chakula cha mchana. Nikavuta pazia.

Woi. Mchanga haukuwepo. Vijiti havikuwepo. Maji yalikuwa yanapiga ukuta wa hoteli, na jua linawaka. Mimi hata nguo sikuzikumbuka, niliwaza roho za watu. Nikatoka mbio na taulo yangu hadi chumba cha kulia, nikapaza sauti, "Mafuriko! Pandeni juu!"

Wazungu hawajui Kiswahili lakini uso wa hofu wanausoma. Mzee mmoja aliacha supu akapanda kiti. Wengine walikuwa wamekaa tu na vijiko vyao, kwa hivyo nikaamua kuwaonyesha kwa vitendo. Nikapanda meza. Taulo ikanaswa na kiti ikabaki chini. (Hapo naruka. Jazeni wenyewe.)

Bi Salma akatokea na sinia. Akaiangalia bahari, akaniangalia mimi, akaamua kuangalia dari.

"Baba," akasema, "maji yamejaa tu. Hujaa kila siku."

"Kila siku?"

"Hujaa, hutoka. Shuka."

Nikashuka, nikajifunga taulo. Ndipo nguo zikanijia akilini. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, na zile kamba je? Akasema si alishaniambia, zipo uani. Nikauliza uani ndio wapi. Akanifungulia mlango wa nyuma ya jikoni. Kulikuwa na kamba tatu, mashuka ya hoteli yamekauka zamani.

Nilipanda ngazi polepole. Mama Mumo alikuwa dirishani, kelele zote amezisikia. Aliuliza neno moja tu, "Gauni?" Nikaonyesha bahari kwa kidole. Akalia, jamani. Miaka hii yote nimemwona akikasirika, lakini kulia hivyo sijawahi kumwona, na ni kwa ajili ya maembe yangu na masikio yangu. Sikujua niweke mikono wapi.

Maji yalipotoka jioni, niliteremka mbio ufuoni na shuka niliyokopeshwa na Bi Salma. Nikawakuta kina mama wameshaingia, maji magotini. Mmoja alikuwa ameinua suruali yangu juu ya kijiti.

"Nani kaanika suruali shambani kwetu?"

Shambani. Kumbe yale majani ni mwani. Wanaupanda, wanaupalilia, wanavuna, wanauza. Mimi mtoto wa mkulima nimeingia kwa shamba la watu, nimeng'oa mimea safu nzima, nikaanika chupi. Hebu fikiria mtu aje kwako, ang'oe kunde zako, atundike chupi zake. Mimi ningeita chifu.

Niliomba msamaha mpaka Kiswahili kikaniishia nikamalizia na Kikamba. Wao walicheka hadi mmoja akaketi ndani ya maji. Hukumu ni kwamba kesho maji yakitoka naenda kuufunga mwani upya, safu yote, wakinisimamia.

Lakini mafundo yalishika. Hakuna hata soksi iliyopotea. Nikalifungua gauni la bluu, limejaa chumvi na majani, lakini doa la embe silioni. Bi Salma akalisuuza kwa maji baridi, akalipiga pasi mwenyewe. Hakuniruhusu kuligusa.

Sasa hivi mama Mumo amepita hapa mapokezi akiwa amelivaa. Amependeza, sidanganyi. Nikasimama na shuka yangu nikamwambia hivyo. Akanitazama juu hadi chini.

"Gauni limepona," akasema. "Wewe bado."

Ananingoja nje, chakula kinapoa. Tafadhali msinicheke, maanake wa hapa wametosha. Na meza tuliyowekewa nimeshaichungulia: wametutolea nje ile ile niliyopanda.