Mabega ya Prince Néon

Jumatatu, 11 Agosti 2025. Bwera.

Jumamosi tunapiga muziki Kasese. Hatimaye! Ukumbi wa kweli, wenye jukwaa na taa, sio veranda ya duka la saruji. Kundi letu linaitwa Barafu Plastiki, na tuko watatu: Marlène kwenye kinanda, Ruben kwenye ngoma za umeme, na mimi, Prince Néon, mwimbaji. Shuleni Butembo, kule Kongo, nilikuwa Sosthène. Hayo yamepita.

Muziki kama wetu hakuna mwingine anayeupiga huku. Kinanda kinalia kama friji iliyochoka, na mimi naimba habari za pasi ya makaa iliyopenda shati la nailoni. Watu hawaelewi. Ndiyo maana mavazi ni muhimu.

Marlène hakubali. Amesema nikimwaibisha tena kama kule Kinyamaseke (koti la karatasi ya zawadi, mvua, sitaki kulizungumzia), Ruben ataimba na mimi nitabeba spika. Ruben akatazama chini kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wa paka mbele ya samaki wa sambaza. Kuimba anajua, sikatai. Lakini ana nini kingine?

Jumanne, 12 Agosti.

Nimepata nguo! Nilikuwa natafuta waya wa kinanda kwenye sanduku la mama mudogo Emérance, mdogo wake mama yangu. Nakaa kwake tangu nivuke mpaka kuingia Uganda. Chini kabisa, kimefungwa ndani ya shuka: kitenge cha bluu, nyota za njano, kipya kama jana. Ni kitenge cha chama cha mamans, kina mama Wakatoliki, na mama mudogo ndiye rais wao. Lakini wanakivaa siku ya sikukuu yao tu, na sikukuu, kwa ninavyokumbuka, ilishapita. Nguo inayolala sandukuni ni chakula cha panya. Nimemsaidia.

Nikakipeleka kwa Twaibu, fundi wa cherehani karibu na soko la Mpondwe. Nikamchorea: suruali ya kubana, na mabega yasimame mpaka masikioni, kama bati lililoinuliwa na upepo. Twaibu akauliza kama mwenye kitenge anajua. Nikamjibu kwamba msanii haombi ruhusa. Akasema yeye ni Muislamu, mambo ya mamans hayamhusu, ila mkasi ukishakata haurudishi. Akakata.

Jumatano, 13 Agosti.

Nguo iko tayari. Mabega ni ajabu, nimepita mlango wa Twaibu kwa ubavu. Kasoro moja: yale maandishi MAMA MARIA UTUOMBEE, ya kwenye pindo, yametua yote kwenye makalio. Twaibu anasema kitambaa kilikuwa kidogo na nafasi ilibaki hapo tu. Haidhuru. Nitaimba nikiwatazama watu. Sitageuka.

Ijumaa, 15 Agosti.

Sikukuu haikuwa imepita. Ni leo. Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Mimi na misa tuliachana kitambo, sikuwa na wa kunikumbusha.

Tangu alfajiri mama mudogo amepekua sanduku, kitanda, mpaka jikoni. Nilimsaidia kutafuta kwa bidii, hata chini ya kuku. Nikasema ni wezi. Akauliza ni mwizi gani anabeba kitenge na kuacha redio. Swali zuri. Nikaenda kuangalia kuku tena.

Akaenda misani na gauni lake la kahawia. Kwa desturi yao asiye na kitenge siku hiyo hakai na wenzake, hata akiwa rais. Alikaa benchi ya nyuma pamoja na wageni. Bendera ya chama ilibebwa na naibu wake, Maman Sylvie, aliyeitamani miaka mingi. Mama mudogo aliporudi hakula. Akakunja ile shuka tupu na kuirudisha sandukuni.

Roho iliniuma, kweli iliniuma. Karibu niseme. Lakini kukiri leo ni kuimba kesho bila nguo, na nikiimba vibaya kesho sina kundi tena. Nikampikia chai.

Jumamosi, 16 Agosti. Kasese.

Naandika mikono ikinuka majivu.

Onyesho lilikuwa la kuchangia paa la kanisa. Sikuwa nimeuliza. Marlène anasema aliniambia zaidi ya mara moja. Inawezekana. Marlène akiongea, mimi huwa nawaza mabega.

Nikatokea jukwaani katikati ya moshi wa makaa mabichi. Moshi ukatulia. Mbele yangu, kuanzia kiti cha kwanza mpaka ukutani: mamans, wa Bwera, wa Maliba, wa kila mahali. Wote bluu. Wote nyota za njano. Na mimi. Bibi mmoja akamwuliza jirani yake, kwa sauti, huyu maman mupya iko wa parokia gani.

Nikageuka kumpa Ruben ishara ya kuanza. Nikageuka! Wakasoma.

Sheria yao iko wazi: anayevaa kitenge kile bila kuapa mbele ya altare anawatumikia mamans siku hiyohiyo, jikoni. Waliitunga kwa ajili ya mabinti wanaoazima nguo za mama zao. Maman Sylvie alinishika sikio yeye mwenyewe, kwa furaha, akanipeleka nyuma ya ukumbi kwenye sufuria za ugali wa muhogo. Nikasugua, mabega yakinigonga masikio. Kupitia ukutani nikamsikia Ruben akiimba wimbo wangu wa pasi. Ukumbi wote ukaitikia. Hata wapishi waliitikia.

Kisha akaja mama mudogo, na gauni lake lile la kahawia. Hakufoka. Akaniambia jana, pale benchi ya nyuma, alimwombea yule mwizi, kwa sababu mutu hawezi kubeba kitu ya namna hiyo bila shida kubwa. Akaniuliza shida yangu ilikuwa gani. Nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Jumatatu, 18 Agosti. Bwera.

Ruben ndiye mwimbaji. Mimi nabeba spika, kwa muda.

Twaibu alifumua nguo na kumshonea mama mudogo blauzi. Kitambaa hakikutosha kuondoa mabega, yakabaki. Jana kaenda nayo misani, mabega mpaka masikioni, akakaa benchi ya mbele. Nikangoja vita. Leo mamans wamepanga mstari kwa Twaibu wakitaka ya namna hiyo, na Maman Sylvie anataka yake yazidi ya rais. Hakuna aliyetaja jina langu.

Mama mudogo amenisamehe. Neno lake lilikuwa moja tu: kitu ya mutu inaombwa. Nimelielewa kabisa. Kosa langu lilikuwa kuchagua nguo yenye chama.

Ndiyo maana leo nimefurahi kukuta, kwenye mitumba kutoka ng'ambo, kitambaa cha mabaka ya kijani na kahawia, cha aina wanayovaa wanajeshi. Kizito. Mabega yatasimama yenyewe. Twaibu amekataa hata kukigusa. Kafunga dirisha, akasema raia akikutwa nacho atajieleza kwa afande, na asimtaje fundi. Twaibu ni mwoga. Nitashona mwenyewe. Ijumaa, siku ya soko, nitakivaa Mpondwe, pale mpakani kabisa, kwenye kizuizi, ambapo watu ni wengi na wanajeshi wenyewe wataniona vizuri.

Safari hii niko salama. Wale hawana rais wa mamans.