Mashine ya Kupima Usingizi

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimeshitakiwa! Mi, Kalonji, miaka kumi na moja kwenye lori ya mugodi bila kugonga hata mbuzi! Stanislas, mwenzangu wa kula bukari kila siku, amemwambia shefu kwamba ninalala kwenye usukani na kukoroma. Bongo mutupu, uongo wa muchana! Nilipumzisha macho tu. Shefu ameamua: kesho nilale kliniki, mashine ipime usingizi wangu usiku kucha. Bila karatasi ya munganga, lori inaenda kwa Stanislas, na mi nitafagia ateliye ya kutengenezea malori! Lakini akili ninayo. Nisipolala, nitakoroma namna gani? Sitafunga jicho.

Jumanne, tarehe 10 Juni (usiku)

Kliniki banataka kila mugonjwa alete mutu wa kumulinda. Bibi yangu Marlène, muke wangu, yuko safari Mutshatsha, anatafuta makala ya kupikia. Amemtuma nani? Mama yake, Mama Kanku! Mi, Muluba, nilale chumba kimoja na mama-mukwe? Kwetu ni mwiko, hata kula mbele yake sijawahi! Nimemuomba infirmière Josée, muuguzi wa usiku, amurudishe nyumbani. Amekataa. Tumetundika kitenge katikati. Nimebandikwa nyuzi kichwa kizima, na mikro juu ya kitanda kusikiliza mikoromo. Nimekunywa termosi nzima ya kahawa kwa siri. Saa sita Mama Kanku amemaliza kusali. Saa sita na dakika tano ameanza kukoroma. Yesu wangu! Kitenge kinatikisika.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Munganga Louise alishika kichwa. Nyuzi zinasema sikulala. Mikro inasema nilikoroma mpaka asubuhi. Akauliza nani alikoroma. Mama Kanku alikuwa pale mulangoni, ameinamisha macho. Nimuchongee mama-mukwe? Aibu gani hiyo! Nikajibu ni mi. Munganga akasema mutu wa kukoroma macho wazi hajamuona bado, na karatasi hatoi. Nirudi Ijumaa, nilale kweli; kama ni ugonjwa, dawa iko, na lori itabaki yangu. Alisema na mengine. Sikuyasikia, nilikuwa nimelala kwenye kiti. Banasema nilikoroma. Bongo!

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mama Kanku ametuma kuku muzima. Hakusema sababu. Nimekula peke yangu.

Eti nilale kweli! Bananidharau! Nimepata akili kubwa kuliko ya kwanza. Kesho mutu mwingine atafungwa nyuzi kwa jina langu, nyuma ya kitenge. Nimemutafuta mutu mwenye usingizi wa kimya na kinywa cha kufunga siri: Stanislas. Amekubali palepale, hata senti hakuomba. Ameomba tu nimuachie funguo ya lori. Mutu mwema. Kumbe nilimuonea.