Mji Mzima Ndani ya Kaseti

Jumatatu, 3 Machi

Dada ametoa hukumu. Stoo iliyo nyuma ya duka lake la ushonaji, ambamo nimefanya kazi miaka miwili katikati ya marobota ya vitambaa, iwe tupu ifikapo Jumatatu ijayo. Inakuja cherehani kubwa ya kudarizi na inahitaji chumba. Nikamwambia mimi pia nahitaji chumba. Akajibu kwamba cherehani ina wateja.

Sikukasirika. Nilikasirika kidogo. Kisha nikaona tangazo mlangoni mwa maktaba, nikapoa kabisa. Jumamosi kuna maonyesho ya vitu vilivyobuniwa nyumbani, na mkutubi atampa mbunifu mmoja chumba cha juu, chenye dirisha na soketi mbili, kwa mwaka mzima. Chumba changu hicho! Kilichobaki ni mkutubi kujua.

Nitapeleka gemu yangu. Inachezwa kwenye mashine ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti juu na kuiunganisha na televisheni, iliyotoka kiwandani kabla sijaota meno. Wenye kiwanda waliiacha siku nyingi. Sisi wachache bado tunaitungia gemu mpya majumbani, na watu wakituuliza kwa nini, tunabadilisha mazungumzo.

Gemu yenyewe ni ya tarishi anayepeleka barua. Tatizo ni nafasi. Kaseti ya kawaida ina kumbukumbu ya kilobaiti thelathini na mbili, na humo unaenea mtaa mmoja tu. Tarishi wa mtaa mmoja si tarishi, ni jirani.

Mimi nataka mji. Na leo nimeupatia kiwanja! Ni chipu ya kilobaiti mia tano na kumi na mbili, nimeing'oa kwenye mashine ya faksi iliyokufa. Mgongoni ina kidirisha cha kioo, kidogo kama kifungo cha shati. Nikachungulia kwa lenzi ya dada ya kutungia sindano. Mungu wangu! Ndani mna kimraba kinachong'aa, kina mistari na vichochoro visivyohesabika, vyote vimenyooka, vyote vimenyamaza. Nani alivichora vile? Kwa mkono gani? Nilikaa nikitazama mpaka chai ikapoa.

Nimetoboa jalada la kaseti ili kila mtu akione kidirisha. Itakuwa dhambi kukificha.

Jumanne, 4 Machi

Nimelehemu chipu ndani ya kaseti. Nimeungua vidole viwili tu.

Naandika jambo hili hapa kwa sababu dada hakutaka kulisikia. Mashine haiwezi kuona kilobaiti mia tano. Macho yake yanafika thelathini na mbili, ndivyo ilivyozaliwa. Kwa hiyo unaichezea shere. Nusu ya kile inachokiona unaiacha palepale siku zote. Nusu ya pili unaibadilisha: tarishi akifika mwisho wa mtaa, mtaa ule unaondolewa na mwingine unawekwa mahali pake. Mitaa thelathini na mmoja inapokezana mbele ya macho yale yale madogo, na mashine haijui kamwe! Inadhani dunia ni ileile. Nywele zilinisimama.

Nikawasha. Tarishi akatembea mtaa wa kwanza kwa madaha. Akafika kwenye kona. Akainua mguu kukata kona, na akabaki hivyo hivyo, mguu juu, televisheni ikivuma kama nyuki.

Kurekebisha ni lazima chipu ifutwe yote na kuandikwa upya. Inafutwa na taa maalumu ya zambarau, dakika ishirini. Sina taa hiyo. Lakini kinyozi wa barabara ya pili anayo, ndani ya kabati la kuulia vijidudu kwenye vitana! Nikamwendea kwa maneno matamu. Akakubali, ila akasema kiti chake hakikaliwi na mtu asiyenyolewa, na benchi limevunjika. Nikamwambia apunguze kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi. Tarishi kaganda tena, mguu juu. Kwa kinyozi. Nimenyoa zote.

Mchana. Nimebadilisha mistari kumi na minne ya programu. Tarishi kaganda. Kwa kinyozi tena. Alinitazama kichwani, akatazama vitana vyake, akaniuliza kama nina ndugu. Tukakubaliana ndevu.

Nikiwa laini hivyo nikaenda kumpeleleza Miwani. Huyu ni fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara, mtu mpole kupita kiasi, naye pia anatunga gemu za mashine ile ile. Nilibeba redio nzima isiyo na ubaya wowote nikasema imeharibika. Akaifungua, akaikagua kwa heshima, akaniambia ni nzima. Nikajifanya nimeshangaa.

Gemu yake ilikuwa wazi mezani. Kaseti ya kawaida, kilobaiti thelathini na mbili. Nikacheka moyoni. Kisha nikaitazama. Mti mmoja, na mvua inanyesha. Tone linapiga jani, jani linainama, linamwagia la chini yake, na wewe ni konokono anayejaribu kupanda. Basi. Nilisimama pale nimeachama. Kila tone lilikuwa na njia yake! Ameipataje mvua yote hiyo katika nafasi ambayo mimi nimeeneza mtaa na mbwa mmoja? Nilisikia wivu mpaka kwenye magoti.

Akaona kaseti yangu mfukoni, akaomba kuiona. Akaisifu sana. Akasema nibandike kipande cha karatasi nyeusi juu ya kidirisha, kwa sababu mwanga mkali huivuruga chipu. Nikamshukuru. Nimemwelewa vizuri sana. Anataka watu wasiione! Husuda hiyo, tena imevaa miwani.

Alhamisi, 6 Machi

Tarishi kaganda. Kinyozi kachukua masharubu. Nikipita dukani dada anageuza uso ukutani na mabega yanamtikisika.

Alasiri akaja shangazi kupimwa gauni. Shangazi alifanya kazi miaka thelathini kwenye ubao wa simu, enzi ambazo ukitaka kuongea na mtu ulimwomba yeye, naye akachomeka waya wako kwenye tundu la huyo mtu. Alipoingia stoo kunisalimia alidhani mimi ni fundi wa cherehani mpya. Nikamweleza kilichonipata. Sikutarajia aelewe. Nilihitaji tu kulalamika kwa mtu aliyekaa.

Akasikiliza hadi mwisho, kipimo cha nguo kikimning'inia shingoni. Akauliza swali moja: hiyo amri ya kubadilisha mtaa, inatolewa na nani, naye amesimama wapi?

Nikasema, imo mle mle mtaani, kwenye kona, ndipo inapohitajika.

"Ee baba! Unajichomolea waya unaoongea nao?" Akacheka mpaka pini za gauni zikamchoma. Akaeleza kwamba siku yake ya kwanza kazini alifanya hivyo hivyo: alichomoa waya aliokuwa anatolea maagizo, akabaki anauambia ukuta. Mtu wa kubadilisha lazima akae mahali pasipobadilishwa.

Nikakaa chini juu ya robota. Ni kweli! Amri iko ndani ya mtaa. Inasema, ondoa mtaa. Mtaa unaondoka, na amri inaondoka nao kabla haijamaliza sentensi. Maskini tarishi wangu hana hata pa kutua mguu. Inatakiwa ikae kwenye ile nusu isiyobadilika, basi, yamekwisha! Na mama huyu, ambaye hajawahi kugusa gemu maishani, ameliona hilo akiwa na shati la ndani na gauni nusu. Nilimtazama mikono yake, nikafikiria sauti zote zilizopita pale miaka thelathini. Nusura nimpigie magoti.

Kumbukumbu: leo, saa tisa na nusu, nimegundua kosa.

Ijumaa, 7 Machi

Marekebisho yako tayari. Maonyesho ni kesho. Chipu ifutwe mara moja tu, mara ya mwisho.

Kinyozi alikataa. Alinizungusha kitini mara mbili akitafuta, akasema zimebaki nyusi, na yeye ana jina la kulinda. Nilimsihi. Nilimwonyesha mikono yangu, haina nywele za maana. Nikatoka nje nikasimama kando ya barabara, na nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma, kwamba machozi yalinitoka. Sina mahali pengine. Mimi si mtu wa kukaa sebuleni kwa dada na mitambo yangu juu ya kochi. Bila chumba, mji ule hautajengwa na mtu.

Shangazi akatokea na gauni lake kwenye mfuko. Akaniuliza mbona nalia na kichwa kinang'aa. Nikamwambia. Akaingia kwa kinyozi, akaketi kitini, akafungua kilemba. Nywele zake ni nyeupe zote, ndefu, hata baba yangu akiwa hai alikuwa akizitania kwa kuzionea fahari. Akamwambia kinyozi apunguze ncha tu, lakini ahakikishe anatumia dakika ishirini.

Kinyozi alikata ncha moja moja. Kabatini, taa ya zambarau iliwaka juu ya mji wangu.

Saa kumi nikawasha. Tarishi akafika kwenye kona. Akainua mguu. Akaushusha, mtaa wa pili!

Nikapiga ukelele, dada akajichoma sindano. Mtaa wa tatu, wa saba, wa kumi na tisa. Nyumba ambazo nilikuwa nimezichora miezi sita na sijawahi kuziona zimesimama pamoja. Nilikuwa kama mtu aliyeishi kwenye kibaraza siku zote halafu mlango ukafunguka. Mashine kuukuu namna hii! Ilikuwa inangoja tu kuulizwa vizuri.

Kesho Miwani atajuta kuzaliwa fundi.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi wa maktaba. Meza ishirini hivi. Kuna aliyeleta saa ya mbao, kuna aliyeleta feni ya baiskeli. Yangu na ya Miwani zimepangwa jirani, kwa ukatili. Nikaigeuza kaseti ili kidirisha kielekee watu. Miwani akainama akanikumbusha, kwa sauti ya chini, habari ya karatasi. Nikatabasamu kama mfalme.

Nikampa shangazi aanze. Alishika kidude cha kuchezea kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Akampeleka tarishi mtaa wa kwanza, wa pili, wa tano. Watu wakasogea. Kila kona ilipokatwa na mtaa mwingine kutokea, ukumbi ulivuta pumzi. Mtoto mmoja akauliza mji unaishia wapi. Mkutubi aliacha kutafuna kalamu. Dada alikuja nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, akasema hakujua. Alisema hivyo tu, hakujua. Kwa dakika kumi na moja nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kukutana nao.

Mtaa wa ishirini na mbili, mpiga picha wa gazeti akapiga magoti mbele ya kaseti yangu nzuri iliyotobolewa. Akafyatua flashi.

Televisheni ikajaa takataka. Paa zikageuka nambari, mbwa wakageuka ngazi, tarishi akayeyuka. Kisha kiza.

Nilisikia watu wakiondoka bila kuwatazama. Mkono wa Miwani ukapita mbele ya uso wangu. Alikuwa amebandua karatasi ya jina kwenye kaseti yake mwenyewe, ile aliyoandika kwa wino kwa mwandiko wake mzuri, akaibandika juu ya kidirisha changu. Akazima, akawasha. Tarishi huyo, mtaa wa kwanza, mzima wa afya!

Lakini hukumu ni hukumu. Mkutubi alisema chumba anapewa mwenye gemu ambayo haikuzima. Kila mtu alimpigia makofi Miwani. Hata mimi nilipiga, mikono ilijiendea yenyewe.

Miwani akasimama, akasafisha koo, akasema yeye mti wake mmoja unatosha nusu ya chumba. Akasema mji wa namna ile haufai kurudi kwenye marobota, na kama mkutubi anaruhusu, nusu nyingine ni yangu.

Nililia mbele ya watu wote. Dada alipenga kamasi kwenye kitambaa cha sampuli. Sijawahi kuona wema kama ule, bure, mchana kweupe, kutoka kwa mtu niliyemsingizia husuda kwenye shajara hii hii. Nimejifunza. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba cha juu! Dirisha linaona paa kumi na sita. Soketi mbili, zote zinafanya kazi, nimezijaribu. Miwani alinisaidia kupandisha televisheni, mashine, masanduku manne na kochi, kisha akashuka kufuata meza yake. Mtu wa ajabu. Nilipobaki peke yangu nilisimama katikati ya chumba na kuheshimu ukimya.

Halafu likanijia wazo, kubwa mno, ikabidi nishike ukuta. Kila nyumba iwe na ndani yake! Vyumba, ngazi, watu wakisoma zile barua. Chipu nne, zikipokezana. Nilikimbia chini nikamweleza mkutubi, nikamwahidi itakuwa tayari Ijumaa. Akauliza kwa wasiwasi kama chumba kitatutosha wawili na kazi kubwa kiasi hicho. Nikamtuliza. Nimekwisha kutafakari jambo hilo kitaalamu. Chumba si lazima kituone sote kwa wakati mmoja. Mmoja akae siku zote, mwingine apokezane na ngazi.

Nimepanga vitu vyangu kufuatana na mpango huo. Vimeenea vizuri sana, kutoka ukuta hadi ukuta.

Namsikia Miwani anapanda na meza, peke yake, anahema. Amefika kwenye kile kibaraza cha ngazi kilicho nje ya mlango. Nimefungua kidogo, nikamwambia kwa upole asijichoshe, aiweke hapo hapo.