Betri Isiyotulia

Jumatatu, 8 Julai 1996. Chonyonyo.
Aibu! Jana katikati ya sala betri ya gitaa langu ilichomoka. Gitaa la mbao, shemeji kaniletea kutoka Kampala. Lina kifaa cha kunasa sauti kinachotumia betri ndogo ya mraba, nayo inakaa humo humo tumboni. Niliinama kusema amina. Go-go-go! Mchungaji akafumbua macho. Protase, mpiga gitaa mwenzangu, akakohoa kwa makusudi. Na Mwalimu Aristides wa kwaya keshasema Jumapili atachagua gitaa moja la kwenda mashindanoni Bukoba. Moja! Lazima liwe langu.

Jumanne.
Protase amekuja, eti kunisaidia. Nikate ukanda wa mpira wa baiskeli, nifunge betri kwenye ubao wa ndani kama yeye. Asante sana! Kisha atangaze Chonyonyo nzima kwamba gitaa la Gaspari linalia kwa hisani yake? Nimemwambia nina mbinu yangu. Sina.

Jumatano.
Nimepata! Mama amegomba kwamba sufuria ya jana haitakati, ndizi zimekaukia chini kama saruji. Nimechukua ndizi za moto na samli yake na chumvi yake, nikaponda, nikaingiza mkono tunduni, nikakandika betri. Mama ameuliza kama siku hizi gitaa nalo linakula. Nabii hana heshima nyumbani kwao.

Ijumaa.
Imeganda! Nimetikisa, nimepindua, kimya. Nimepita kwa Protase nikalitikisa mbele yake. Ameuliza mbona kuna sisimizi kwenye nyuzi. Wivu tu.

Jumapili.
Vidole vimevimba, kalamu haishikiki. Ubeti wa pili walitoka tunduni. Sisimizi wekundu, wale wanaouma, ukoo mzima! Mkononi, shingoni, ndani ya shati. Niliruka. Nikaruka tena. Sisi Walutheri hatuna desturi ya kuruka. Bibi Adelgunda wa benchi la mbele alipiga vigelegele, akidhani nimeshukiwa na Roho. Kokugonza wa sauti ya kwanza aliwakuta kwenye joho lake, akapiga yowe lisilokuwemo kwenye wimbo. Na betri? Palepale! Nani kaliona hilo? Hakuna. Bukoba anakwenda Protase. Nimelia nyuma ya kanisa, sifichi.

Jumatatu.
Protase, bila kuombwa, kakwangua ndizi zangu kwa kijiko, kafunga betri kwa mpira wake. Kufumba na kufumbua. Haitikisiki. Mwalimu amelainika: nitakwenda Bukoba, gitaa langu liwe la akiba, mradi nisiguse kitu humo ndani.

Jumanne.
Nimeukata ule mpira. Siwezi kuingia Bukoba na fundo la Protase tumboni mwa gitaa langu. Nimetafakari kwa utulivu, na kosa nimeliona: samli na chumvi. Hivyo ndivyo walivyovifuata. Sasa nimenunua asali ya msituni, nzito, inanata kweli kweli. Haina samli, haina chumvi. Sisimizi watafuata nini?