Machicha ya Mama Filomena

Jumatatu, 4 Agosti
Mjomba Kasian kanipa hadi Nane Nane. Nisipopata kazi, napelekwa Vidunda nikalime mlimani. Mimi! Mtu wa barabara ya lami! Ila akili ninazo. Mama Filomena, mpika pombe maarufu hapa Mikumi, akishachuja pombe yake ya mtama anatupa machicha mtaroni. Ng'ombe wanayapenda kweli. Nimeshamwahidi kumuuzia mzee Sironga, Mmasai mwenye ng'ombe mpaka anachanganya majina. Kuanzia leo mniite mkurugenzi.

Jumanne, 5 Agosti
Mama Filomena kakubali, ila kilabuni kwake kuna desturi: anayebeba machicha anaosha mapipa. Nimeosha. Nanuka mpaka katekista kanipa pole.

Marko, mpinzani wangu tangu darasa la tatu, kaniiga. Naye kaosha, kapewa yake. Kayaanika kwenye turubai, anayageuzageuza kama bibi mwenye dagaa. Nimemcheka hadharani. Juani si yatapungua uzito? Mimi nimejaza mabichi kwenye magunia, nikafunga midomo kwa kamba, nikayapanga ukutani. Biashara ni uzito, bwana.

Alhamisi, 7 Agosti
Asubuhi magunia yamevimba. Nikashangilia. Mali inazaa yenyewe!

Sironga akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku kaziba pua. Akafungua gunia. Ukungu wa kijani, na mvuke wa kutoa machozi. Nikamweleza kwamba hizo ni vitamini.

Akasema taratibu, "Kijana, ng'ombe wangu hawajaanza kunywa. Haya ulitakiwa uyaanike."

Akavuka barabara, akachukua ya Marko yote. Marko akaniuliza kwa upole kama nahitaji kibarua cha kugeuza machicha. Upole wake ndio umeniuma.

Jioni nimeyamwaga yangu nyuma ya banda la kuku la mjomba, yawe mbolea. Hakuna kinachopotea kwangu!

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane
Mjomba alikuwa ampeleke jogoo wake kwenye maonyesho Morogoro. Kamuogesha wiki nzima. Alfajiri kamkuta kalala ubavu, jicho moja wazi. Anajaribu kuwika, inatoka kwikwi.

Mjomba akamnusa jogoo. Kisha akaninusa mimi.

"Fungasha," akasema.

Mchana jogoo akapona. Mjomba hajapona.

Jumapili, 10 Agosti
Vidunda. Mgongo si wangu tena. Hata bibi wa jirani ananipita kwa jembe, na ananipa moyo, jambo ambalo sikumwomba.

Lakini! Huku juu nako wanapika pombe, machicha wanamwaga tu, na Marko hayupo. Nimekaa nikachunguza kwa kina kosa langu la Mikumi. Nimelipata. Kamba! Zilikuwa legelege, hewa ikapenya. Sasa nimepata za katani, ngumu kama waya. Magunia yako juani tangu jana, mafundo mawilimawili.

Yameanza kuvimba vizuri.