Damu Yangu Ilipozimika Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimedhalilika nikiwa nimelala chali, shingo imepakwa jeli, na mama mkwe wangu amesimama pembeni ananitazama kama mtu anayechagua kuku.

Nianze mwanzo, maana mkilisikia kwa watu wengine mtalisikia limeongezwa chumvi. (Halihitaji chumvi.)

Mama mkwe anakaa Mhezi, huko juu milimani. Wiki iliyopita alitoka Dar kwa basi, akakaa kiti cha dirishani safari nzima bila kunyoosha miguu, kwa sababu hakutaka kumsumbua aliyekaa naye. Ndivyo alivyo. Siku chache baadaye mguu wa kushoto ukavimba kuanzia gotini kushuka chini. Jana daktari akaugusagusa, akakunja uso. Alisema huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kipande chake kikichomoka kikafika kwenye mapafu, mama anaweza kupoteza maisha. Akamwandikia kipimo cha altrasaundi ya rangi, hapa hapa Same. Apimwe kesho, alisema, asingoje.

Mama akakubali. Leo tulipokaa kwenye benchi la kusubiria, akabadilika.

"Mkwe, mimi narudi na gari la saa saba."

"Mama, bado hujapimwa."

"Watapimaje damu bila sindano? Mtu akikwambia amehesabu maharage yako bila kufungua gunia, utamwamini?"

Sasa, mnanijua. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Kwangu mimi mtu asiyeelewa kitu ni kama mtoto anayelia njiani, siwezi kumpita. Nikavuta pumzi, nikaanza kumweleza. Taratibu. Kwa upendo. Na kwa sauti kubwa, hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

"Mama, mashine inatuma sauti nyembamba sana, masikio yetu hayaisikii. Inaingia mwilini, inagonga damu, inarudi. Mashine inaisoma ile iliyorudi na kuichora kwa rangi. Ukiona nyekundu, hiyo ni damu safi inatoka kwenye moyo. Ukiona bluu, hiyo ni damu chafu inarudi."

Benchi zima likawa linasikiliza. Kulikuwa na jamaa mmoja wa mashamba ya mkonge, kidole kimefungwa bandeji nene kama muhindi. Akanyoosha kile kidole.

"Mwalimu, kwa hiyo mtu mwenye roho mbaya yeye ni bluu tupu?"

Watu wakacheka. Nikamwambia swali ni zuri. (Huwa nasema swali ni zuri hata kama halina kichwa wala miguu. Mwanafunzi asivunjwe moyo.)

Na kusema kweli sikuwa na wasiwasi wowote. Mzunguko wa damu nimeuchora ubaoni tangu nianze kazi: chaki nyekundu, chaki ya bluu. Rangi hizo nilikuwa na uhakika nazo kuliko namba yangu ya simu.

Mama akanitazama. "Wewe umeshapimwa na hiyo mashine?"

"Hapana, mama."

"Basi tangulia. Ukitoka mzima, nitaingia. Ukitoka vibaya, nawahi gari."

Ningesema nini? Mlango ukafunguliwa, na mpimaji akatokea. Rehema! Rehema niliyemfundisha kidato cha pili na cha tatu!

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu, marahaba!"

Nikamvuta pembeni nikamweleza hali ilivyo. Akautazama mguu wa mama, akaitazama saa ya ukutani. "Dakika mbili tu, mwalimu. Panda kitandani. Tutatumia shingo, mishipa iko karibu."

Mama akaitwa ndani ashuhudie. Nikavua tai. Nikafungua vifungo viwili vya shati mbele ya mama mkwe! (Mliooa Upareni mnajua uzito wake, wengine niaminini tu.) Mama akajifunika uso kwa kanga. Kisha akaacha upenyo wa jicho moja. Na mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo jamaa wa mkonge naye akawa anachungulia.

"Mimi naangalia foleni tu," alisema.

Jeli ikatua shingoni. Jamani, kile kitu ni cha baridi! Sauti niliyoitoa siyo ya mtu mwenye shahada.

Rehema akakiweka kile kipimo chake cha mkononi shingoni pangu, akabonyeza kitufe, na kwenye skrini yakatokea madoa mawili ya mviringo yanayopumua: moja jekundu, moja la bluu. Furaha niliyokuwa nayo!

"Mnaona? Nyekundu, safi, inapanda kulisha ubongo! Bluu, chafu, inashuka kwenye moyo!"

"Mwalimu," Rehema akasema kwa heshima, "kwa kweli hizi rangi si za..."

"Subiri, Rehema. Tusiwachanganye wanafunzi."

Akatabasamu kidogo. Kisha akakiinamisha kile kipimo upande wa pili.

Rangi zikabadilishana.

Nasema zikabadilishana! Doa lililokuwa jekundu likawa bluu, la bluu likawa jekundu. Shingo ni ile ile, mwenye shingo ni yule yule.

"Mwalimu," jamaa wa mkonge akauliza mlangoni, "mbona sasa ile chafu ndiyo inayopanda kichwani?"

"Ndiyo maana," mama akasema polepole, kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua muda mrefu.

"Ngoja niwaonyeshe taratibu," Rehema akasema. Akaanza kukirudisha kipimo kidogo kidogo. Kilipofika katikati, kikiwa kimesimama wima juu ya shingo, akatulia.

Rangi zikapotea. Zote. Madoa mawili meusi kabisa.

Ndugu zangu, nimesoma. Nina vyeti, viko kwenye fremu. Lakini mtu aliyelala chali akaona damu ya shingo yake mwenyewe imezimika kwenye skrini hakumbuki vyeti.

"Imesimama!" nikapiga kelele. "Rehema, damu imesimama!"

"Mwalimu, tulia..."

Nilikuwa nimeshavuka. Miguu ilikuwa baridi (ilikuwa baridi kwa sababu nilivua viatu, lakini hilo nimeligundua baadaye). Nikashika pindo la kanga ya mama mkwe. Nilishika kanga ya mkwe wangu kwa mkono wangu huu!

"Mama! Nisiondoke duniani na jambo hili moyoni!"

"Jambo gani tena?"

"Makande yako, mama. Miaka kumi na moja. Sijawahi kumaliza sahani hata moja. Nampa Tomi chini ya meza."

Tomi ni mbwa wao.

Mama akaishusha kanga usoni.

"Yote?" mama akauliza.

"Nabakiza maharage matatu manne kwenye sahani, uone kwamba nilikula."

Kule mlangoni nikasikia kitu kikianguka. Alikuwa jamaa wa mkonge, amekaa chini sakafuni, anacheka huku ameinua kidole chenye bandeji kisigonge.

Rehema naye mabega yanamtikisika. Akabonyeza kitufe kingine, na chumba kikajaa sauti: fwuu! fwuu! fwuu! fwuu! Haraka haraka, kama pikipiki iliyobeba watu watatu inapandisha mlima.

"Hiyo ndiyo damu yako, mwalimu. Haijasimama. Inakimbia."

Benchi zima lililoko nje likasikia jinsi nilivyoogopa.

"Mwalimu," akaendelea, na jamani alikuwa anaongea kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya upole ya darasani, "unakumbuka ulitupeleka kando ya barabara kuu tusikilize honi za mabasi?"

"Nakumbuka."

"Ukatuambia basi likiwa linakuja honi inasikika nyembamba, likishapita inakuwa nzito, na honi ni ile ile. Basi ndiyo hii. Sauti ya mashine ikirudi imekuwa nyembamba zaidi, maana yake damu inakijia kipimo, na mashine inaipaka nyekundu. Ikirudi imekuwa nzito, damu inakikimbia, inapakwa bluu. Usafi wa damu haumo kabisa. Nikikigeuza kipimo, ile iliyokuwa inakuja inakuwa inaondoka. Na nikikisimamisha wima, damu inakatiza tu mbele yake, haiji wala haiendi, kwa hiyo mashine inakosa cha kupaka."

Nikafungua mdomo. "Swali zuri," nikasema. (Hakuna aliyekuwa ameuliza swali.)

"Mimi nimeelewa," mama akasema. "Ni mfereji. Nikisimama mferejini nikatazama juu kwenye ndiva, kule tunakokusanya maji, naona maji yanakuja. Nikigeuka nikatazama shambani, yanaondoka. Maji ni yale yale ya zamu yangu. Aliyegeuka ni mimi."

"Mama, wewe ungepata A," Rehema akamwambia. Mimi hakuniambia ningepata nini.

Hapo nikajua nimekwisha na mguu wa mama nao umekwisha. Nimetoka vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kutoka mle ndani. Saa ilikuwa saa sita kasoro. Atawahi gari, atapanda mlima na lile donge mguuni, na mke wangu ataniuliza niliachaje. Nikaanza kujifuta jeli bila kumtazama.

"Ondoka hapo, mkwe, nipande."

"Unasemaje, mama?"

"Mashine iliyokutoa neno ulilolificha miaka kumi na moja haitashindwa na mguu. Ondoka. Na ufunge mlango ukiwa nje."

Nikatoka. Benchi likanisogezea nafasi kwa heshima, kama msibani. Jamaa wa mkonge akanipa pole kwa mkono wake mzima.

Rehema alipotoka, hakuwa anacheka tena. Akaniambia nyuma ya goti mshipa haubonyei akiukandamiza, na ndani yake hakuna rangi. Alikigeuza kipimo kila upande, akauminya mguu kwa chini damu ipande, bado nyeusi. Nyeusi ya mama haikuwa ya kugeuza kipimo. Ilikuwa damu iliyoganda kweli.

Daktari akamwanzishia dawa saa ile ile, ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Akasema tumewahi. Neno hilo nimelirudia kimoyomoyo tangu pale. Akasema pia mama asipande mlimani kwa sasa, akae karibu na hospitali apimwe tena. Gari la saa saba likaondoka bila yeye, na mimi nikageukia ukutani kidogo, macho yakawa yameingia kitu.

"Nitakaa kwenu basi," mama akasema.

"Karibu sana, mama." Nilimaanisha kutoka moyoni.

Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni. Mama amekaa kwenye kochi langu, mguu uko juu ya stuli, anamwelekeza mke wangu aliye jikoni. Mahindi ya makande yanachemka tangu saa nane. Nimetengewa kiti kinachotazamana naye ana kwa ana, na sahani ni ile kubwa ya wageni.

Nyumbani kwangu hatufugi mbwa. Kwa hiyo kabla hamjaanza kucheka, naomba kuuliza kwanza: kuna mtu hapa Same anaazimisha?